Sumukuvu kwenye mahindi: Aflasafe au mfuko usiopitisha hewa?

Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu) yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi sumu hii, kwa hiyo kinga ianze mbali na jiko.

Aflasafe ni punje za mtama zilizokaangwa na kupakwa fangasi wa jamii ya Aspergillus flavus wasiotengeneza sumu. Unazimwaga kwa mkono kati ya mistari, kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya mbelewele kutoka, udongo ukiwa na unyevu. Baada ya siku chache punje huota ukungu wa kijani, na fangasi hao huwahi nafasi ya wenye sumu. Kinga hiyo huyafuata mahindi hadi ghalani. Ila ukipitwa na wakati wake, msimu umekupita.

Mfuko wa tabaka tatu hukata hewa: wadudu hufa, ukungu hausambai. Sumu iliyoingia shambani, hata hivyo, mfuko hauitoi. Na usifungie mahindi ambayo hayajakauka! Kupima ukavu, tia punje za mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi kwenye turubai yakauke zaidi.

Penye ukame, ambako sumu huanzia shambani, mimi ningenunua Aflasafe kwanza. Mvua zikikukuta unavuna, turubai na mfuko ndivyo vya kutanguliza.