Wanafunzi wa chuo kikuu kiwandani kwangu Mafinga: tathmini ya wiki kumi

Mwezi Julai mwaka jana nilikubali kuwapokea wanafunzi watano wa chuo kikuu katika kiwanda changu kidogo cha kupasua mbao, kilichoko pembezoni mwa mji wa Mafinga, chini ya mpango ambao chuo chao kinauendesha wa kuwaunganisha wanafunzi na wenye viwanda ili watafute kwa pamoja dawa ya tatizo moja la kimazingira. Chuo sitakitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si ya kusifu, na waliokuja kwangu walinitendea kwa heshima muda wote. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye viwanda vya mbao, vya parachichi, vya kahawa na vya maziwa katika mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, ambao huenda wamekwisha kupokea barua kama niliyoipokea mimi na bado hawajaamua kama waijibu au waifungie vitumbua.

Barua hizo zina asili yake. Mradi wa serikali wa elimu ya juu unaojulikana kwa kifupi kama HEET, ulioanza 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umevitaka vyuo vinavyoshiriki viwe na kamati za ushauri zenye watu wa viwandani na viwapeleke wanafunzi kwenye maeneo ya kazi. Utaratibu wa kuwapa wanafunzi tatizo la kampuni si mgeni duniani. Mjini Tampere, nchini Ufini, mpango wa Demola ulianza kufanya hivyo 2008. Mafunzo ya vitendo tuliyoyazoea huleta mwanafunzi mmoja mwenye daftari la kusainiwa, anayekaa kwenye kona hadi miezi yake iishe. Hawa huja kwa kundi, wakiwa wamechanganywa fani, na wanawajibika kuondoka wakiwa wameacha kitu.

Tatizo nililowakabidhi lilikuwa lundo. Mji wetu unaishi kwa miti: Shamba la Miti Sao Hill, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na pembeni yake wananchi nao wamepanda misindano na milingoti yao kila palipo na kipande cha ardhi. Magogo yakipasuliwa huacha mabanzi, ambayo hununuliwa kwa kuni na kwa kuzungushia mabanda, na maranda, ambayo hayana wa kuyamaliza. Wafugaji wa kuku huchukua viroba kadhaa, wenye vitalu huchukua kidogo, na yanayobaki huoza, huoshwa na mvua kuelekea mabondeni, au hushika moto ndani kwa ndani yakafuka moshi kwa siku nyingi bila mwali kuonekana. Lundo langu limewahi kushika moto hivyo mara mbili, na mara ya pili moshi uliingia hadi madarasani kwa majirani zetu. Kwenye fomu ya chuo niliandika hivi: tunaomba mashine ya kutengeneza mkaa mbadala kwa maranda. Nilikuwa nimechagua jibu kabla ya kuuliza swali, na hakuna mtu wa chuo aliyeniuliza kwa nini.

Waliwasili wawili wa uhandisi wa mitambo, mmoja wa kemia, mmoja wa mazingira na mmoja wa biashara. Walikuja na kompyuta mpakato tatu, kipimio kimoja cha chuma cha kupimia milimita, na mmoja wao akiwa na kandambili miguuni. Mzee wetu wa msumeno, aliyeanza kazi hii kabla yeyote kati yao hajazaliwa, alimrudisha getini akatafute buti kabla hata ya kuipokea shikamoo yake. Baadaye, wakati wa chai, aliwakaribisha vizuri. “Karibuni, wajukuu zangu,” aliwaambia, “lakini msumeno hausomi vitabu.”

Wiki ya kwanza ilipita kwa kuandika. Katika wiki ya pili wale wawili wa uhandisi waliliacha lundo wakahamia kwenye msumeno, jambo ambalo halikunifurahisha, kwa sababu nilihisi wanakwepa kazi niliyowaitia. Walichukua mbao ishirini za inchi moja kwa nane na kupima unene wa kila moja katika ncha zote mbili. Ubao uliopaswa kuwa na milimita 25 ulikuwa na 25 upande mmoja na 30 au 31 upande wa pili. Kisha wakapima njia ambayo msumeno wetu wa duara unaiacha ndani ya gogo, wakapata milimita 7. Binti mmoja akachukua chaki, akachora juu ya banzi mbele ya wafanyakazi wote: gogo lililokwisha kuchongwa pande, lenye kimo cha milimita 256, kila ubao unachukua 25 na msumeno unachukua 7, jumla 32, kwa hiyo zinapatikana mbao nane, na milimita 56 zimegeuka maranda. Msumeno wa mkanda unaokula milimita 2 na nusu ungetoa mbao tisa katika gogo hilo hilo.

Mzee aliitazama ile chaki kwa muda mrefu. “Kwa hiyo lundo lile,” akasema, “ni mbao zangu.”

Kwa maoni yangu, hapo ndipo mpango mzima ulipojilipa. Nilikuwa nimetumia miaka kufikiri namna ya kuondoa maranda, na sikuwahi kujiuliza ni kwa nini yanazaliwa mengi kiasi hicho. Msumeno wa mkanda sikuununua, na wanafunzi hawakunishinikiza ninunue. Una bei kubwa, unahitaji mnoaji aliyefunzwa, na mkanda ukikatika si kila fundi wa huku anayeweza kuuunga ukashika. Walichokifanya ni kutafuta sababu ya ule unene usiolingana, wakaikuta katika sehemu mbili. Beringi za upande mmoja wa shafti zilikuwa zimekula, hivyo msumeno ulikuwa unayumba, na reli ya toroli inayobeba gogo ilikuwa imedidimia upande wa getini. Beringi mpya zilinigharimu shilingi 180,000. Reli ilinyooshwa kwa siku moja kwa uzi, pima maji na vipande vya chuma vya kuinulia. Tofauti ya unene kati ya ncha na ncha ilishuka hadi milimita 2, na mzee, ambaye zamani alikuwa akiacha unene wa ziada makusudi ili ubao usije ukakataliwa na mteja, ameanza kupasua karibu na kipimo. Sijawahi kutumia fedha kidogo hivyo kwa faida ya namna hiyo.

Jambo la pili walilolibaini liliniaibisha, nami naliandika kwa sababu najua siko peke yangu. Uani kwetu huwa tunawakatia pia wateja vichwa vya nguzo zilizokwisha kutiwa dawa, zile za kijani kijani zinazotumika kwenye uzio na mabanda. Mwanafunzi wa kemia aliuliza kwa nini kiroba kimoja cha maranda kilikuwa na rangi tofauti, tukamweleza bila wasiwasi wowote. Akatuambia kwamba dawa inayozipa nguzo hizo rangi ile ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki, kwamba arseniki ni sumu, na kwamba kuichoma mbao hiyo jikoni hupeleka sehemu ya sumu kwenye moshi na kuacha iliyobaki kwenye majivu. Maranda ya nguzo yalikuwa yakimwagwa kwenye lundo lile lile wanalochukua wafugaji wa vifaranga, na vipande vilivyobaki walikuwa wakiokota kina mama kwa kupikia, nami nilikuwa nikijiona mkarimu kwa kuwaruhusu. Siku ile ile tulitenga sehemu ya kukatia nguzo yenye sakafu ya saruji. Maranda yake yamo katika mapipa mawili yenye vifuniko chini ya paa hadi leo, yakisubiri mtu mwenye kibali cha kushughulikia taka za hatari, na kina mama wanapewa mabanzi ya misindano yasiyo na dawa. Ni kweli kwamba mtu yeyote wa kemia angeweza kuniambia hayo. Hakuna aliyewahi kuingia getini kwangu.

Sasa nije kwenye mkaa mbadala niliouomba mwenyewe, ambao kwa kweli ulishindikana. Kwanza waliyachoma maranda ndani ya pipa la lita 200, njia inayofaa kwa magunzi ya mahindi na mabua, lakini maranda hushikamana, hewa haipiti, na asubuhi ukifungua unakuta juu majivu na chini maranda mabichi. Wakabadili, wakachoma vipande vya mabanzi, wakasaga ule mkaa, wakauchanganya na uji wa unga wa muhogo na kuushindilia kwa mashine ya mkono waliyomchongesha fundi wa kuchomelea. Mkaa uliotoka mwezi Agosti ulikuwa mzuri: uliwaka polepole, haukutoa cheche, na mama mmoja anayepika katika shule ya bweni alifunga safari kuuangalia, kwa kuwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa wa miti tangu Januari 2024 na mzigo wa kutafuta mbadala umeangukia kwa watu kama yeye. Alihitaji magunia kumi kila wiki, mvua au jua.

Neno mvua ndilo lililotumaliza. Wanafunzi walikaa nasi kuanzia Julai hadi Septemba, wakati wa likizo yao ndefu, ambao huku kwetu ni wakati wa baridi kavu na upepo, na kila kitu walichokitandaza juu ya turubai kilikauka kwa siku mbili. Mvua za Mufindi, wilaya yetu, huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kufikia Krismasi mkaa wetu ulikuwa umeota ukungu kwenye vichanja, na ule uliokuwa umekauka ulivimba na kumomonyoka. Nilipiga simu. Wanafunzi walikuwa kwenye mitihani, na mhadhiri aliyekuwa akiwasimamia alinieleza kwa upole kwamba mradi ulikwisha kufungwa na alama zilikwisha kutolewa. Mashine ya kushindilia kwa joto, ambayo haihitaji uji kwa sababu gundi ya asili ya mti hulainika yenyewe, walikuwa wameitaja kwenye ripoti. Inataka maranda yenye unyevu wa takribani asilimia 10, na maranda yanayotoka kwenye gogo bichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo tunarudi pale pale kwenye kukausha.

Hapa ndipo ninapoulaumu mpango wenyewe zaidi ya vijana. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na vyuo vinapenda kuutaja katika barua zao, lakini kifaa cha kupikia kilichojaribiwa kiangazi peke yake hakijajaribiwa. Ripoti nayo ilikuwa ya kurasa 64, yote kwa Kiingereza, ikiwa na michoro mizuri ambayo mzee wa msumeno, mtu pekee anayeihitaji kila siku, hawezi kuisoma. Niliomba kurasa mbili za Kiswahili kuhusu unoaji wa meno na ukaguzi wa beringi. Binti wa chaki aliziandika mwenyewe baada ya mradi kufungwa, akanitumia kwa simu, na sasa zimebandikwa ukutani karibu na swichi. Nadhani chuo hakijui kwamba kurasa hizo zipo.

Gharama kwa mwenye kiwanda hazikuandikwa popote kwenye barua, na ni vyema zijulikane. Chuo hakikunitoza kitu, lakini malazi ya vijana watano, chakula cha mchana, chuma, fundi wa kuchomelea na mafuta ya jenereta vilinifikia shilingi 2,200,000 hivi, ukiacha muda ambao msumeno ulisimama wakipima. Mkataba ulikuwa na kurasa mbili, nami niliusaini kwa haraka bila kuona kwamba kila kitakachobuniwa ni mali ya chuo na wanafunzi, ilhali mimi nina ruhusa ya kukitumia tu. Kwa beringi na reli hilo halina uzito. Kwa mwenye kiwanda cha maziwa au kahawa mwenye siri zake za uzalishaji, nashauri aisome sehemu hiyo mara mbili, tena mbele ya mtu anayezijua sheria.

Nikiulizwa alama, wanafunzi ningewapa nane kati ya kumi na mpango ningeupa tano. Kiwanda chenye tatizo ambalo hakijalipima kitapata faida. Kinachotaka mashine iliyokamilika, yenye dhamana na fundi wa kuitwa usiku, kiende kwa muuza mashine. Na fomu ya chuo ikikuuliza unataka nini, andika unachokiona uani mwako, harufu yake, wingi wake na siku inapokusumbua zaidi, kisha uishie hapo.

Barua ya mwaka huu imefika wiki iliyopita. Nimejibu kwamba nitawapokea wengine watano kwa masharti mawili: angalau wawili wao warudi Februari, mvua ikiwa imeshika, na ripoti ya wafanyakazi iandikwe kwa Kiswahili kabla ya ile ya chuo. Mzee aliposikia ninaisoma barua kwa sauti aliniomba niongeze la tatu, nami nimeliongeza kwa kalamu pembeni ya ukurasa: waje na buti.