Uzoefu wangu: nilikwenda Humen kufunga mzigo, nikafika kwenye mashimo ya kasumba

Wafanyabiashara wa nguo tunaokwenda Guangzhou, kusini mwa China, tunaijua Humen kwa magauni. Nimeingia mji ule mara nne, na mara zote nilifunga marobota nikaondoka. Safari hii kiwanda kilinichelewesha siku mbili, nikakodi mkalimani anipeleke Makumbusho ya Vita vya Kasumba. Kutoka stesheni ya Guangzhou Kusini, treni ya mwendokasi haimalizi nusu saa. Kiingilio sikulipa. Beba pasipoti.

Sisi tumelizoea neno kasumba kwa maana ya fikra za kutawaliwa. Kasumba yenyewe, ile afyuni ya kuvuta kwenye kiko, sikuwahi kuiwazia hadi niliposimama ukingoni mwa yale mashimo mawili. Leo yametulia kama mabwawa ya samaki. Tarehe 3 Juni 1839, mjumbe wa mfalme, Lin Zexu, alianza kuteketeza hapo makasha zaidi ya 20,000 aliyowanyang'anya wafanyabiashara wa kigeni, wengi wao Waingereza. Hakuichoma moto. Waliiloweka kwenye maji ya chumvi, wakamwagia chokaa, ikachemka, kisha wakafungua mlango wa maji ikaenda baharini. Kazi ilichukua siku 23. Mkalimani wangu, binti wa Kichina aliyesoma Kiswahili chuoni, akaniambia, "Mama, kabla ya kuanza alimwomba radhi mungu wa bahari, akamsihi awahamishe viumbe wake kwa muda." Hapo nilinyamaza kidogo. Nilipomweleza kasumba ina maana gani kwetu siku hizi, alitoa daftari akaandika.

Waingereza walikuwa wanataka chai, na China ilitaka kulipwa kwa fedha, madini yenyewe. Ndipo kasumba iliyolimwa Bengal, India, ikasukumwa kwa magendo mpaka fedha ikaanza kutoka China badala ya kuingia. Lin alipoizuia, zikaja meli za kivita za Uingereza. Vita vilimalizwa na Mkataba wa Nanjing wa 1842: Hong Kong ikachukuliwa, bandari tano zikafunguliwa, na China ikadaiwa dola za fedha milioni 21. Katika hizo, milioni 6 zilikuwa fidia ya ile kasumba iliyoteketezwa. Nilimwomba binti arudie, nikidhani nimesikia vibaya. Aliyeuziwa sumu ndiye aliyelipishwa! Lin mwenyewe alipelekwa uhamishoni Xinjiang.

Lakini kilichoniuma zaidi, kama mtu ninayelipa ushuru bandarini Dar es Salaam, ni mambo ya forodha. Mikataba iliifunga China isijipangie ushuru wake, ukabaki kama asilimia 5 tu, na uhuru huo haukurudi hadi karibu mwaka 1930. Tangu 1863 hadi 1911 mkuu wa forodha ya dola ile alikuwa Robert Hart, mzaliwa wa Ireland. Na mwaka 1843, kwa mkataba uliosainiwa Humen hapohapo, Mwingereza akikosa katika ardhi ya China akawa anahukumiwa na konsuli wake. Kisiwa kikichukuliwa kila mtu anaona. Ushuru na mahakama huondoka kimyakimya, na kwa maoni yangu hapo ndipo dola ile ilipovunjwa mgongo. Wengine wakafuata mlango uleule. Hata Wajerumani, waliokuwa wakitutawala sisi wakati huo, waliteka ghuba ya Jiaozhou mwaka 1897.

Lawama yangu naipeleka kwa wakala aliyenipangia safari. Tulikubaliana siku nzima pamoja na ngome ya Weiyuan, nikalipa kamili, kumbe gari limepangiwa kurudi saa tisa. Ngome tuliipata kwa dakika arobaini. Mizinga inatazama mdomo wa Mto Lulu, na daraja kubwa la Humen linapita juu kabisa. Kwenye ngome hizi Jemadari Guan Tianpei aliuawa Februari 1841 akipigana, na nilitaka kukaa pale nisome kila kibao kwa msaada wa yule binti.

Makumbusho nayapa nyota tano, mkalimani tano, wakala mbili. Ukienda, anza na ngome asubuhi kabla ya jua kali, kisha umalizie mashimoni. Muda wa gari uandikwe kwenye risiti.