Tepu ya kahawia naipa nyota tano, hii "nyeupe" imenitia hasara

Mimi ni fundi simu Kariakoo, na kwenye meza yangu tepu ya kahawia haikosekani. Imetengenezwa kwa poliimaidi, plastiki inayovumilia moto mkali, na tunaiita Kapton, jina la kibiashara la kampuni moja, hata ikitoka kampuni nyingine. Naziba nayo kamera na soketi kabla ya kupuliza blowa, ile mashine ya hewa ya moto. Naweka nyuzi 350, nang'oa aisi (chipu ya kwenye bodi), nabandua tepu: haijayeyuka wala haijajikunja. Kasoro yake ni ile rangi ya chai ya rangi, maandishi madogo ya bodi yanafifia chini yake.

Ndiyo maana muuza vifaa mmoja aliponiambia, "Fundi, hii nayo ni poliimaidi, ila nyeupe, unaona mpaka ndani," nikatoa 8,000 palepale. Bei ilitakiwa inishtue. Sekunde chache za moto, ikasinyaa kama nailoni kwenye jiko na kung'ang'ania soketi ya chaji ya mteja. Soketi mpya nimenunua mimi. Kwa ilivyoyeyuka, nahisi ni ile plastiki ya chupa za maji.

Sisemi poliimaidi ya kuona ndani haipo. Fold ya kwanza ya Samsung, ile simu ya kukunja ya 2019, skrini yake ilifunikwa kwa karatasi ya plastiki ya aina hiyo, maana kioo cha kawaida hakikunjiki. Lakini kuipata ni kazi. Ya kawaida ni ya kahawia kwa sababu ndani ya minyororo ya molekuli zake kuna sehemu zinazotoa elektroni na sehemu zinazozivuta, na mvutano huo unameza mwanga wa buluu. Wataalamu huingiza florini ili kuupunguza, na florini inapandisha gharama. Wengine huchanganya poliimaidi mbili, na hapo kuna mtihani: zisipokubaliana hadi ndani kabisa, kila moja hujitenga vipande vidogo, mwanga unatawanyika, karatasi inakuwa na ukungu. Tui la nazi ni jeupe kwa sababu hiyohiyo, matone ya mafuta ndani ya maji.

Sasa kitu cha namna hiyo kiuzwe kwa kuzidi tepu ya kahawia shilingi elfu moja tu? Nilijidanganya mwenyewe.

Mkiuziwa, ombeni kipande, kipulizeni blowa mbele ya muuzaji kabla hamjatoa hela. Mimi nilipoirudisha aliniambia pesa hairudi, nichague kava. Nimechukua kava mbili, na rola lililobaki nafungia maboksi ya mizigo ya mkoani. Kwa maboksi, kusema kweli, inashika vizuri sana.