Tahadhari: "Dawa ya Kunguni" Inayouzwa Kwenye Chupa za Maji Jijini Mwanza

Ndugu wakazi wa Nyamagana na Ilemela, nawaombeni muwe macho na wauzaji wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na kimiminika cha kahawia kwenye chupa za maji ya kunywa zisizo na lebo, wakidai kuwa hiyo ni dawa moja inayomaliza kunguni, mende, mchwa na hata vidukari wa kwenye mchicha. Mmoja wao amepita mtaani kwetu, jirani zangu kadhaa wamenunua na kupulizia vyumba vyote, na muda si mrefu kunguni wamerudi.

Namna anavyowashawishi watu ni hii: huomba maji kwenye bakuli, hudondosha matone machache, maji yakageuka meupe kama maziwa, kisha husema kwamba huo ndio ushahidi wa ukali wa dawa. Viuatilifu vingi vya mafuta hugeuka hivyo vikitiwa majini, na hata baadhi ya dawa za kusafishia vyoo hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo weupe huo hauelezi hata kidogo ndani ya chupa mna kiambato gani. Baadaye hummwagia mende, naye hufa mbele ya watu. Lakini mende akimwagiwa maji ya sabuni pia hufa.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba hakuinua hata godoro moja. Anayewafahamu kunguni huanza kwa kukagua mishono ya godoro na maungio ya chaga, akitafuta vidoa vyeusi vya kinyesi na maganda waliyojivua, kwa sababu ngozi yenye vipele inaweza kuwa imeumwa na viroboto au mbu. Vilevile angewaeleza kuwa dawa nyingi za kupulizia haziui mayai, ambayo huanguliwa kwa takribani siku 6 hadi 10, na kwamba ni lazima kurudia kazi baada ya wiki mbili hivi. Kufua shuka na vyandarua vya kawaida kwa maji ya nyuzi joto 60, na kumwagia maji yanayochemka kwenye nyufa za kitanda, husaidia kuliko chupa ile. (Chandarua chenye dawa kisifuliwe kwa maji ya moto.)

Kwa wenye bustani hatari ni kubwa zaidi, maana kiuatilifu halali huonyesha siku za kusubiri kabla ya kuvuna, ilhali mchicha uliopuliziwa kitu kisichojulikana huenda ukafika sokoni kesho yake asubuhi. Nchini kwetu viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Nunueni kwenye duka la pembejeo lenye kibali, chombo kikiwa na lakiri yake, na msome namba ya usajili, kiambato, kipimo, wadudu waliokusudiwa na tarehe ya kuisha muda.

Mliokwisha kununua, msiimwage chooni wala mtaroni, kwa kuwa mitaro mingi ya katikati ya jiji huingia Mto Mirongo, nao huingia ziwani, na baadhi ya viuatilifu huua samaki hata vikiwa kidogo sana. Fungeni chupa, iandikeni SUMU, iwekeni mbali na watoto, ambao wataiona kuwa ni maji au soda, kisha mtoe taarifa kwa afisa afya wa kata. Mtu aliyeigusa, kuivuta au kuinywa akianza kutokwa jasho na mate mengi, kutapika, mboni za macho kusinyaa au kupumua kwa shida, mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, na mumkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Msimpe maziwa, wala msimlazimishe kutapika.