EGFR ya binadamu, sehemu ya nje yenye mkia wa histidini: inafaa kwa nini?

Bidhaa hii ni sehemu ya nje tu ya kipokezi cha EGFR (protini ya utando wa seli inayopokea ishara za ukuaji), iliyozalishwa kwenye seli za HEK293, yaani seli za binadamu zinazokuzwa maabara, na huja kama unga mkavu. Kwa kupima jinsi antibodi zinavyonasa, tunaipendekeza bila kusita. Kwa vipimo vya kinase (kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini) usiinunue: sehemu hiyo ya kipokezi hukaa ndani ya seli, na humu haimo.

Kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, usishtuke. Hesabu ya asidi amino inatoa karibu kilodaltoni 70, lakini mstari hutokea kwenye 95 hadi 115, tena mpana, kwa sababu ya sukari zilizoshikamana na protini. Huo si uchafu.

Kabla ya kufungua kichupa, kizungushe kwenye sentrifuji. Unga hunata kifunikoni na wengi huutupa bila kujua. Ongeza PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfati) tasa kufikia mikrogramu 200 kwa mililita, acha dakika 20, geuza polepole. Kutikisa kwa nguvu huleta povu, na povu huharibu umbo la protini. Gawa mafungu madogo, gandisha kwa nyuzi −80, na fungu lililoyeyushwa usiligandishe tena.

Kwa ELISA (kipimo cha antibodi kwenye sahani ya vishimo), pakaza protini hii ukianza na mikrogramu 1 kwa mililita, mikrolita 100 kila kishimo, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Cetuximab, antibodi inayoshika EGFR, ni kidhibiti kizuri. Toleo la kipokezi lililounganishwa na Fc ya binadamu (kipande cha mkia wa antibodi) hapa litakuponza: antibodi ya pili dhidi ya Fc itashika kipokezi chenyewe, na kila kishimo kitawaka. Ukitaka kubandika biotini (alama ndogo ya kunasia protini), agiza isiyoongezwa albumini, protini ya kuhifadhi, la sivyo albumini ndiyo itakayobeba biotini nyingi.