Mikanda ya umeme kwa miguu isiyotulia: tathmini baada ya majuma sita

Ikifika saa nne za usiku, dakika chache tu baada ya kujinyoosha kitandani, kitu huanza kutambaa ndani ya miundi yangu. Siwezi kukiita maumivu, wala mwasho, kwa maana mwasho ungekunika. Ni hamu isiyovumilika ya kuisogeza miguu, ambayo hutulia ninapoinuka na kutembea chumbani, kisha hurudi mara tu ninapolala tena. Daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, aliueleza ugonjwa huu wa miguu isiyotulia kwa kina mwaka 1945, lakini hadi leo mgonjwa huambiwa kwamba ana wasiwasi tu, au kwamba amechoka.

Kwa miaka kadhaa nilitumia dawa za kundi la pramipeksoli na ropiniroli, zinazoiga kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka taarifa kati ya seli za ubongo. Mwanzoni zilinisaidia mno. Baadaye zikanigeuka kwa namna ambayo madaktari wa usingizi wanaijua vizuri: dalili zilianza kuja alasiri badala ya usiku, zikapanda hadi mikononi, na kila dozi ilipoongezwa hali ilizidi kuwa mbaya. Mwongozo uliotolewa mwaka 2025 na chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani haupendekezi tena dawa hizo kuwa tiba ya kawaida, na umekipa nafasi, kwa masharti, kifaa cha kuvaliwa kinachosisimua kwa umeme neva ya peronea, ile ya mguuni ipitayo chini ya goti. Hapo ndipo nilipoamua kukijaribu kifaa cha aina hiyo, ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa yaliyonikuta ni yangu na huenda mwingine akakutwa na tofauti.

Vifaa ni viwili, kimoja kwa kila mguu, na hufungwa chini kidogo ya goti kwa mkanda wenye vibandiko vya jeli upande wa ndani. Neva inayolengwa hupita karibu sana na ngozi, upande wa nje wa mguu, penye kinundu cha mfupa kinachopapaswa kwa urahisi. Usiku wa kwanza niliufunga mkanda wa kushoto upana wa kidole kimoja nyuma ya mahali pake, nikaambulia kuchomwachomwa juu ya ngozi bila nafuu yoyote. Nilipousogeza mbele, mchomo uliyeyuka na badala yake nikahisi misuli ya mbele ya muundi ikijikaza polepole na kubaki hivyo, kana kwamba mguu umeshikwa na mkono mtulivu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba atafute kinundu hicho mchana, akiwa ameketi na hana haraka, kwa maana kukipapasa gizani huku miguu ikiwaka ni adhabu.

Kukazwa huko bila kupwita ndiko kunakovitofautisha vifaa hivi na mashine za kawaida za umeme za kutuliza maumivu, ambazo hufanya misuli irukeruke kila pigo linapopita. Mtu hawezi kulala huku nyayo zikicheza ngoma. Hapa mkondo ni wa masafa ya juu, yaani hupiga mara nyingi sana kwa sekunde, na inaaminika kwamba uti wa mgongo hupokea taarifa zinazofanana na zile za mguu unaotembea, ilhali mwenye mguu amelala chali. Nguvu hupangwa kabla, ukiwa macho, hadi kiwango cha juu unachoweza kukivumilia bila kero, na kila kipindi huchukua dakika 30. Mara nyingi mimi husinzia kabla hakijaisha.

Matarajio yasipite kiasi, hata hivyo. Katika jaribio la watu 133 ambao dawa zilikuwa zimewashinda au hawakuzivumilia, lililochapishwa mwaka 2023, asilimia 45 ya waliovaa kifaa halisi walipata nafuu ya kuonekana baada ya majuma manne, dhidi ya asilimia 16 ya waliovaa kilichofanana nacho kwa sura tu. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini bado zaidi ya nusu hawakufikia kiwango hicho. Kwangu, usiku wa siku tano kati ya saba huwa mwema, na katika zile mbili zilizobaki nalazimika kurudia kipindi saa nane.

Kasoro zipo. Jeli hukauka na kupoteza mshiko, hasa ngozi ikiwa na mafuta, na katika juma la tatu nilipata wekundu uliowasha chini ya kibandiko cha kulia hadi nikapumzika siku mbili. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asivae vifaa hivi bila daktari wake kumruhusu.

Yeyote anayefikiria kununua aanze kwanza na kipimo cha damu. Upungufu wa madini ya chuma huchochea ugonjwa huu, na feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, isiyozidi nanogramu 75 kwa mililita huchukuliwa na wataalamu kuwa sababu ya kuongeza chuma, hata kama mgonjwa hana upungufu wa damu. Yangu ilikuwa 31, na hakuna aliyekuwa ameipima katika miaka yote ya vidonge. Sasa natumia chuma na mikanda kwa pamoja, kwa hiyo sitamdanganya msomaji kwamba usingizi huu wote umeletwa na umeme; lakini dakika 30 zile za kwanza kitandani, ambazo zamani nilizimaliza nikitembea, hizo naipa mikanda bila kusita.