Nusu kaputi kwa sungura: kliniki tuliyomfungia Pamba kizazi, nyota nne

Kama umefungua hii basi una sungura jike nyumbani, umeambiwa afungwe kizazi na roho haijatulia, kwahiyo sitapoteza muda na viti vya mapokezi, naenda moja kwa moja kwenye nusu kaputi mana ndo iliyokuwa inanitoa jasho hata mimi.

Kwanza hofu yenyewe sio ujinga, msikubali mtu awacheke. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza ulitoka 2008, vifo vinavyohusiana na nusu kaputi kwa mbwa vilikuwa kama 0.17%, paka 0.24%, sungura 1.39%. Umeona tofauti eeh. Ila ukichukua sungura wenye afya nzuri peke yao inashuka mpaka 0.73%, yaani haifiki hata mmoja kwa kila mia. Alafu upande wa pili kuna saratani ya mji wa mimba, jike ambaye hajafungwa akishavuka miaka mitatu minne hatari inapanda vibaya mno, kuna aina za sungura ambazo zaidi ya nusu ya majike wazee wameonekana nayo. Nikapima huku na huku nikaona kumuacha hivihivi nako ni kubahatisha tu, tena kubaya zaidi.

Kliniki ya kwanza niliyopiga simu (jina silitaji) dada akanambia "asile kitu kuanzia usiku". Nikashukuru nikakata. Mbwa na paka ndo wanafungishwa kula kwasababu wanaweza kutapika wakiwa wamelala, sungura hawezi kutapika kabisa na tumbo lake halitakiwi kusimama, ukimshindisha njaa unamuongezea shida. Kwahiyo hilo ndo swali la kwanza la kuwauliza, jibu lake tu linakuambia kama wanajua wanachofanya au wanamuona sungura ni kipaka chenye masikio marefu.

Hawa wa pili, nilipouliza nikajibiwa mlete na nyasi zake na mboga anazozipenda, aendelee kula mpaka karibu na muda. Hapo nikaanza kupumua.

Siku ya vipimo dokta alinifurahisha sana. Alimpima uzito mpaka gramu ya mwisho mana dozi inatoka humo, akasikiliza kifua, alafu akamgeuza akawa anachambua manyoya ya miguu ya mbele kwa ndani. Nikamuuliza unatafuta nini hapo, akasema "mama Pamba, sungura mwenye mafua anajifuta pua kwa mikono, ukikuta manyoya ya hapa yamegandana basi kuna kitu kifuani hata kama pua unaiona kavu". Na sungura mwenye mapafu mabovu ukimlaza ndo unatafuta balaa, mapafu yenyewe ni madogo ukilinganisha na lile tumbo. Manyoya ya Pamba yalikuwa safi, laini kabisa.

Nikamwaga maswali yangu yote na hakukunja uso hata kidogo. Kwamba hawamwekei sungura barakoa ya gesi akiwa macho mana anabana pumzi na kurusha miguu, wanaanza na sindano ya kumtuliza. Kwamba sikio linanyolewa kidogo, linapakwa krimu ya ganzi, kisha ndo wanaweka kile kimpira cha mshipani ili likitokea la kutokea dawa ipite hapohapo wasianze kuhangaika kutafuta mshipa. Kwamba kumwekea mpira wa hewa sungura ni kazi kweli, mdomo mwembamba na koo liko mbali huko nyuma, wao wana kifaa chake maalum kinachokaa juu ya koo. Na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuangalia pumzi, mapigo na joto tu, hagusi kisu. Hili la mwisho mimi ndo lilinifanya nikubali, kwasababu kamnyama kadogo kanapoa haraka sana mezani na mkataji hawezi kuona kila kitu.

Sasa sikilizeni hapa. Kwenye utafiti ule ule zaidi ya nusu ya sungura waliokufa walikufa BAADA ya upasuaji, sio wakiwa mezani. Kwahiyo hata daktari awe fundi kiasi gani, uliza nani anakaa naye akiamka. Hawa walimweka sehemu ya joto, mbali na mbwa, na hawakuniruhusu niondoke naye mpaka wamuone anatafuna. Nilimkuta amejikunja pembeni ya kreti, macho nusu, na jani la kotimiri limening'inia mdomoni, anatafuna taratibu kama hataki. Jamani, nililia mbele za watu.

Nyumbani tulipewa dawa ya maumivu ya maji na unga wa kukoroga wa kumlisha kwa bomba la sindano akigoma kula. Ile dawa usiibanie, sungura mwenye maumivu hali, na asipokula tumbo linasimama. Unahesabu vinyesi kama muhasibu, mwanzoni vinatoka vidogo vikavu, sio mbaya, ila ikipita nusu siku hali na hatoi kitu usisubiri kuche.

Na hapo ndo nyota ya tano ilipopotelea. Usiku Pamba aligoma kula, nikapiga namba ya dharura waliyonipa, ikaita mpaka ikakata, nikarudia vilevile. Nilimlisha kwa bomba mwenyewe akaja kutoa kinyesi alfajiri, ila mtu ambaye hajui angefanyaje? Nilipowalalamikia waliomba radhi, sijui kama wamerekebisha. Kingine, mapokezi mbwa na sungura wanakaa chumba kimoja, funika kreti na shuka.

Kwa wenye dume, hapahapa wanafanya na upasuaji wake ni mfupi zaidi, ila msimrudishe kwa jike ambaye hajafungwa siku hiyohiyo, anaweza kutia mimba wiki kadhaa baadae, muulizeni dokta atawapa tarehe.